Kutabiri nyufa za lami Tanga: HDM-4, MEPDG au tujitengenezee modeli?

Mdigo_wa_Lami: Wakuu, tunapanga matengenezo ya barabara kadhaa hapa Tanga, lami zege (lami iliyochanganywa na kokoto kiwandani) na lami nyepesi (tabaka jembamba la lami lililomwagiwa kokoto). Tuna njia tatu: HDM-4, ile programu ya kutabiri uchakavu wa barabara, kama ilivyo; MEPDG, mwongozo wa Marekani wa kusanifu lami; au kuifundisha kompyuta kwa takwimu zetu. Ipi haitatudanganya nyufa zinaanza lini?

Kisosora77: HDM-4. Mizizi yake ni Kenya na Brazili, miaka ya 1970. MEPDG ina hadi modeli ya nyufa za baridi kali. Raskazone hapa Tanga baridi ya kupasua lami utaitoa wapi?

Dada_wa_Kange: Sawa, ila hiyo "kama ilivyo" ndiyo inayoumiza. HDM-4 hutenganisha mwaka ufa unapoanza na kasi ya kuenea, na kila kimoja kina kizidisho chake, yaani namba ya kuzidishia utabiri ili ulingane na hali ya kwenu. Chukueni vipande vya umri tofauti, mtembee kwa miguu mkipima. Hakuna haja ya kungoja miaka kumi. Modeli ikisema mwaka wa 8, nanyi wastani mnauona wa 6, kizidisho cha kuanza ni 6 ÷ 8, yaani 0.75. Cha kuenea, kama hamna data, hukadiriwa kwa kugeuza: 1 ÷ 0.75, yaani 1.33. Lami zege na nyepesi msizichanganye. Barabara yenye tabaka la msingi la saruji nayo ikae peke yake, kwani saruji husinyaa na ufa wake hupanda juu.

Mzee_wa_Mizani: Kabla ya vizidisho, pimeni malori. Uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne hivi: ekseli iliyozidi uzito wa kisheria kwa asilimia 20 huharibu mara mbili hivi. Mkiingiza uzito wa kisheria tu, mtalisingizia jua dhambi za malori.

Mdigo_wa_Lami: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Na kompyuta?

Kisosora77: Mna takwimu za miaka mingapi?

Mdigo_wa_Lami: Miwili. Mmoja walipima watu wengine, kwa fomu nyingine.

Kisosora77: 😂 Achaneni nayo.

Dada_wa_Kange: Nyongeza: toboeni lami penye ufa mwone unaanzia wapi. Nchi za joto nyingi huanzia juu, milimita chache zilizokakamaa kwa jua. Hapo kuongeza unene si dawa, wahini kuziba mapema. Na pimeni barabara inapokauka baada ya mvua. Ufa hubaki na unyevu, hata mwembamba unaonekana.