Naomba ushauri: i5-3570K kwenye Dell OptiPlex 7010, baios hainipi pa kupandishia kasi

Mleta uzi
Habari wakuu. Nina OptiPlex 7010 ya mnara, niliichukua used Kariakoo ikiwa na prosesa ya i5-3470. Baadaye nikapata i5-3570K, nikaichomeka. Kila mahali nasoma kwamba K maana yake prosesa haijafungwa na watu wanaivusha GHz 4.2 bila shida. Mimi nikibonyeza F2 kuingia baios (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) nakuta kuwasha na kuzima Turbo Boost (prosesa kujipandisha kasi yenyewe) na SpeedStep (kujishusha ikiwa haina kazi), basi. Hakuna kizidisho (namba inayozidishwa na klok ya msingi ya 100 MHz kupata kasi ya prosesa), hakuna volteji. Nikirenda (kutoa faili la mwisho la) video za harusi, kasi kwenye CPU-Z, programu ya kuangalia prosesa, inakwama GHz 3.6. Kuna baios iliyochakachuliwa, au programu ya ndani ya Windows? Hela ya mashine mpya sina kwa sasa. Natanguliza shukrani.

FundiBodi
Mkuu, tatizo si prosesa. Mazabodi yako ina chipseti (chipu inayoongoza bodi) ya Q77, ya kompyuta za ofisini. Kwa kizazi hicho Intel waliruhusu kubadili kizidisho kwenye chipseti za Z75 na Z77. K yako ipo hai, ila haina mlango wa kutokea. Na hiyo 3.6 usiilaumu: ndiyo turbo ya 3570K koa (viini vya prosesa) zote nne zikifanya kazi. 3.8 inaonekana zikiwa moja au mbili tu.

Mzee wa Vifaa
Si apandishe tu klok ya basi (njia ya data kwenye bodi) kutoka 100 MHz? Enzi za Core 2 tulifanya hivyo kwa programu ndani ya Windows.

FundiBodi
Enzi zile klok ilitoka kwenye chipu ya pembeni. Hapa imo ndani ya chipseti, na klok hiyohiyo inaendesha PCIe na SATA (njia za kadi na diski). Hata kwenye bodi zinazoruhusu, ukifika 105 wengi mashine inaanza kuyumba. Fanya hesabu: klok ya 103 mara kizidisho cha 36 ni GHz 3.7. Kwa ajili ya hiyo 0.1 uhatarishe diski yenye harusi za watu? Hapana. Na baios ya kuchakachua usiiguse, ikigoma katikati ya kuiweka bodi haiwaki tena.

Mleta uzi
Nimekuelewa kaka. Nikitafuta bodi ya Z77 je?

Dada Render
Z77 used mara nyingi inauzwa ghali kuliko thamani yake, halafu waya za kitufe cha kuwashia za Dell hazikai kwenye bodi za kawaida, na leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi ya zamani. Mimi ningeuza hiyo K, niongeze kidogo nichukue i7-3770. Inakaa soketi ileile ya LGA1155, inakula wati 77 kama yako, inakimbia GHz 3.7 koa zote na ina nyuzi (kazi inazoendesha kwa pamoja) nane badala ya nne. Kwa kurenda utaiona tofauti. Usinunue 3770K, hapo utalipia herufi tu.

Kabla ya hapo fungua kava uangalie RAM. Kama ni kijiti kimoja, weka cha pili kinachofanana nacho zifanye kazi kwa njia mbili. Na jaribu Quick Sync (kifaa cha Intel cha kubana video haraka), HD 4000, yaani grafiki iliyo ndani ya prosesa yako, inayo. Programu yako ya kuhariri ikiikubali, video ya H.264 (aina ya kubana video) itatoka haraka bila kununua kitu.

Mleta uzi
RAM ni kijiti kimoja cha GB 8 kweli. Pawasaplai ya Dell itaimudu i7?

FundiBodi
Itaimudu, kuna 7010 zilitoka kiwandani na 3770. Badilisha pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) tu na upulize vumbi kwenye kipoza joto.