Sokwe anatapika halafu anakula matapishi yake, huu ni ugonjwa au ndo maisha ya kizimbani?

Mwana_Ujiji

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Ujiji, nina watoto wawili, mkubwa miaka 10 mdogo 7. Likizo ya mwezi wa sita tulienda kwa shangazi yao jiji fulani (jina naliacha, sitaki kuharibia watu kazi) sasa siku ya pili shangazi mtu akasema twendeni bustani ya wanyama, watoto wakaruka ruka pale. Tumefika, kiingilio cha kawaida tu, ndani kwa kweli pasafi na miti imepandwa, pundamilia na swala wana eneo lao si haba wanatembea, kobe ndo usiseme, watoto waligoma kuondoka maana kuna mmoja alikuwa anapanda jiwe anateleza anarudi chini anaanza upya, nusu saa nzima tuko hapo tunamshangilia kama mpira.

Shida imeanza kwa wanyama wakubwa. Simba yuko kwenye banda la nondo anatoka kona hii anaenda kona ile, anageukia pale pale, anakanyaga pale pale mpaka sakafu imeng'aa, tumesimama kama dakika 20 hajatulia hata kidogo. Tukaenda kwa sokwe. Yuko mmoja, peke yake, chumba cha sementi na tairi limening'inizwa kwa mnyororo, amekaa anajitikisa mbele nyuma mbele nyuma kama mtu aliyefiwa, mkono mmoja hauna manyoya kabisa. Mara akatapika kiganjani, akala. Akatapika tena, akala tena. Watu wanacheka wanarekodi na simu wanamrushia biskuti, na kibao cha USIWALISHE WANYAMA kiko hapo hapo juu ya vichwa vyao. Yeye naye akapitisha mkono kwenye nondo, kiganja juu, kama ombaomba wa stendi.

Mkubwa akaniuliza, baba huyu kwao si kwetu? Nikamwambia ndio, kwao Kigoma. Akasema sasa mbona kule hatujawahi kumuona. Aisee nilikosa jibu. Maana ni kweli, hifadhi ya Gombe iko hapo kaskazini ya mji kama kilomita 16 tu, ila mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Yaani mtoto wa Kigoma kasafiri treni na basi siku mbili kwenda kumuona sokwe wake wa kwanza kwenye sementi.

Sasa nauliza wajuzi, kile cha kutapika na kula ni ugonjwa au ni tabia? Na je nimekosea kuwapeleka? Mdogo anafurahi tu na kobe wake ila huyu mkubwa mpaka leo anaulizia.

kahawa_chungu

Hahaaa mkuu umeenda kustarehe umerudi na msiba. Mnyama anakula bure, analala bure, hakuna wa kumuwinda, dokta anamfuata mlangoni. Mimi hapa Mwanga, Kigoma mjini, mwenye nyumba ananidai miezi miwili, kama kuna kizimba kiko wazi naomba namba zao.

Mzee_wa_Kitete

Mwanangu Mwana_Ujiji, mimi nimelisha wanyama miaka mingi kwenye bustani mbili tatu kabla sijarudi nyumbani Tabora kulima karanga zangu, ngoja nikujibu taratibu.

Kile cha kutapika na kula tunakijua sana sisi tuliofanya kazi hiyo, sokwe wa kufugwa wengi wanakifanya, wa porini huwezi kukikuta. Sio tumbo kuuma. Ni mnyama mwenye akili nyingi hana cha kufanya. Sokwe wa msituni akiamka anatembea, anatafuta tunda, anagombana, anapatana, anachuna kijiti anavulia mchwa kwenye kichuguu, kula peke yake kunamchukua sehemu kubwa ya siku. Wako wewe kaletewa beseni asubuhi, dakika kumi kamaliza, imebaki siku nzima. Basi chakula anakirudisha anakila upya, ndo kazi aliyojitafutia. Kujinyonyoa manyoya na kujitikisa ni ukoo huo huo.

Simba hapo uwe makini kidogo, watu wengi wanakosea. Simba akilala mchana kutwa sio huzuni, hata Serengeti analala, anaweza kulala saa 20 kwa siku na hakuna anayemuonea huruma. Na akizunguka karibu na muda wa nyama huenda anamsubiri mlishaji tu, wanasikia hatua zako kabla hujatokeza. Lakini kama ni saa zote, njia ile ile mpaka sakafu inang'aa kama ulivyosema, hiyo ndo ile mbaya. Mamba akikaa kama gogo usimsikitikie, ndivyo alivyo. Chatu mtazame kama anaweza kujinyoosha mwili mzima, kama hawezi banda ni dogo.

Na jambo la pili usimwambie mtoto kwamba yule katoka Kigoma, hujui. Wengine wamezaliwa humo humo kizimbani, wengine wamekamatwa kwa wasafirishaji haramu wakiwa wachanga na mama zao wameshauliwa, hawa wakifikishwa kwenye bustani mtunzaji hana pa kuwapeleka.

Dawa ipo na sio pesa nyingi. Tulikuwa tunachukua gogo tunalitoboa matundu tunapaka asali au uji mzito ndani, tunawaachia na vijiti, sokwe anashinda hapo anavua kama yuko kwenye kichuguu. Chakula tunakificha ficha kwenye nyasi na magunia badala ya beseni. Jioni tunawatupia matawi mabichi, maana kila siku usiku ukikaribia sokwe anajitengenezea kitanda kipya cha matawi, sasa mpe sementi atandike nini? La muhimu kuliko yote ni mwenzie. Sokwe mmoja peke yake hata umjengee ikulu.

mwl_Tbr

Shikamoo mzee. Mimi niko Tabora pia, nafundisha msingi. Mwana_Ujiji hujakosea bana, hapa kwetu kuna bustani ya wanyama mjini na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kukanyaga hifadhi yoyote na hawatakanyaga leo wala kesho, gari la kwenda hifadhini analipa nani? Mtoto anamjua simba kwenye daftari tu, siku anamsikia ananguruma hatua chache kutoka alipo anatetemeka mpaka magoti, hicho hukipati kwenye kitabu. Ila nina sheria zangu, biskuti na karanga zinabaki kwenye basi, na kila kundi linachagua mnyama mmoja linakaa naye robo saa kimya linaandika anachofanya. Ukiwaachia wakimbie kizimba kwa kizimba wanarudi wanakwambia tumeona wote halafu ukiuliza twiga alikuwa anakula nini hakuna anayejua.

Na sio bustani zote ziko vile ulivyoiona wewe. Mwanza kuna Saanane, kisiwa pale karibu kabisa na mji, kilianza 1964 kama bustani ya wanyama, 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Unavuka kwa boti dakika chache unakuta swala na pundamilia wako huru wanakatiza mbele yako na pimbi wamejaa kwenye mawe. Watoto wako wangepapenda.

kahawa_chungu

Haya nimeacha utani. Mzee swali, kwa nini wasimchukue tu huyo jamaa wakamwachia Gombe akaungane na ndugu zake, kuna ugumu gani?

Mzee_wa_Kitete

Ugumu ni hao hao ndugu zake. Sokwe ana mipaka kuliko sisi. Pale Gombe kuanzia 1974 mpaka 1978 madume wa kundi la Kasekela waliwamaliza mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, na hao walikuwa wanafahamiana, walikuwa kundi moja wakagawanyika. Sasa uwapelekee dume mgeni asiyejua hata tunda gani linaliwa, jioni haifiki. Tena sokwe wanashika magonjwa yetu, mafua yako wewe ni mazishi kwao. Gombe waliwahi kupata mpaka polio, mwaka 1966. Aliyeishi na watu miaka yote anaweza kuingia na kitu akamaliza kundi zima.

Ila ilishawahi kufanyika, na ni hapa hapa nchini. Kati ya 1966 na 1969 yule Mjerumani Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt alileta sokwe 17 kutoka vizimba vya Ulaya akawaachia kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Wengine walikaa kizimbani miaka kabla ya hapo. Walijifunza wenyewe, wakala majani, wakatandika vitanda juu ya miti, na mpaka leo kuna uzao wao pale wa porini kabisa. Iliwezekana kwa sababu kisiwani hapakuwa na sokwe wengine, hakuna wa kuwapiga wala wa kuambukizwa. Kisiwa kama hicho kingine kiko wapi.

Boti_Kibirizi

Mimi naendesha boti. Hilo la miaka 15 watu wanalalamika sana ila jamani mmesahau 2002? Dume mkubwa pale Gombe alimnyakua mtoto mdogo wa mtu akamuua. Sokwe huyu huyu mnayemuonea huruma anawinda mbega wekundu anawatafuna wabichi, kwake mtoto wa mtu na mtoto wa mbega ni kimo kile kile. Halafu mtoto ndo mwenye makamasi kila siku, kama mzee alivyosema. Kwa hiyo mimi naiunga mkono mia kwa mia.

Ila Mwana_Ujiji hao watoto wako wanaweza kuiona Gombe bila kushuka. Panda nao boti ya abiria ya kwenda kijiji cha Mwamgongo hapa Kibirizi, inapita pwani ya hifadhi yote, unaona milima na mabonde vile msitu unashuka mpaka majini, na nyani wanatembea kwenye mchanga kama wako sokoni. Sokwe ni bahati, mimi kwa miaka yote nimewaona kutokea ziwani mara tatu. Lakini sauti zao siku nyingine upepo unazileta, wanaanza mmoja huu, huu, huu halafu bonde zima linaitikia, mpaka abiria wanaacha kupiga soga.

Mwana_Ujiji

Mzee shikamoo na ahsante sana, nimemsomea mkubwa wangu yale ya gogo na asali akasema sasa kwa nini hatukuwaambia wale watunzaji. Nimemwambia tutawaandikia barua, nikadhani kasahau, kumbe kashachukua daftari anachora gogo na matundu yake na mishale ya kuonyesha pa kupaka uji 😂 basi nitaituma kama ilivyo, mimi nitaongeza na la mwenzie. Yule mtumishi tuliyemkuta pale alikuwa mstaarabu, nadhani hatakasirika.

mwl_Tbr hilo la robo saa kimya limenigusa, ukweli mdogo aliyekaa na kobe nusu saa ndo anakumbuka kila kitu, mpaka kobe alikuwa anapumulia wapi.

Boti_Kibirizi, mkuu, boti ya Mwamgongo inatoka saa ngapi? Na mtoto wa 7 analipiwa?

Boti_Kibirizi

Zinaondoka mchana zikishajaa, njoo saa tano usubiri, Jumapili usije hakuna. Wa miaka 7 akikaa mapajani tutaelewana. Kaeni upande wa kulia wakati wa kwenda ndo pwani ilipo, njooni na majaketi na mdai maboya ya kuvaa hata kama kuna mtu anakucheka, ziwa likichafuka halina utani. Na mjipange kulala, kurudi ni kesho yake asubuhi, kama huna mwenyeji Mwamgongo niambie mapema.

kahawa_chungu

Nami naja, mwenye nyumba hawezi kunifuata Mwamgongo.