Disemba Twende Chumbe?

*Kikundi: Wajukuu wa Wasini, Nairobi* 🌊

Salma: Asalaam aleikum watu wa nyumba hii. Mchango wa safari ya Disemba umefika pale tulipotaka, Hamisi ni shahidi. Sasa tuseme ni wapi. Mimi naleta Chumbe, Zanzibar.

Hamisi (mwekahazina): Waaleikum salaam. Pesa ziko. Bakari hajatoa ya mwezi uliopita, lakini pesa ziko.

Bakari: Mbona wanitangaza bro 😂

Mama Rehema: Chumbe ndiyo hoteli gani?

Salma: Ni kisiwa kidogo, mashua inatokea Mbweni, haifiki saa moja. Mabanda ya wageni ni saba tu kisiwa kizima, ya makuti na boriti za mikoko. Hakuna bwawa la kuogelea, hakuna kiyoyozi, hakuna televisheni. Usiku unapewa tochi.

Mjomba Kassim: Hakuna hiki, hakuna kile. Bei nayo hakuna?

Salma: Bei iko mjomba. Na si ndogo.

Mjomba Kassim: Nilijua tu. Stima ikipotea hapa Umoja nalala gizani bure. Kule nilale gizani kwa dola.

Bakari: 😂😂😂 Mjomba ameua

Mama Rehema: Si twende hoteli za Diani, pwani yetu, kama watu wengine. Chakula mpaka useme basi, watoto wanateleza kwenye maji, mimi nakaa.

Shangazi Mwanaisha: Salma mwanangu. Hicho kisiwa ni cha mawe ya matumbawe au kina udongo? Maji wanayatoa wapi?

Salma: Ni mawe matupu shangazi, kisima cha maji matamu hakuna. Wanavuna mvua. Paa la kila banda limejengwa pana kwa kazi hiyo, maji yanashuka yakichujwa kwa kokoto na mchanga, yanaingia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Ya kuoga yanapandishwa kwa pampu ya mkono, jua linayapasha moto.

Shangazi Mwanaisha: Hiyo si jabia, tangi la mvua la mawe? Ndiyo tuliyolelewa nayo kisiwani kwetu Wasini! Baba yangu akiipaka chokaa ndani mwenyewe. Masika yakianza, mvua ya kwanza haikuruhusiwa kuingia, unaiacha ioshe paa, vumbi na kinyesi cha ndege kiende zake. Siku ya pili ndiyo unazibua mfereji. Halafu mama anakaa na ufunguo wa kifuniko. Kata moja ya kunawa uso, mbili za kuoga, na ukizidisha anakusikia hata akiwa jikoni. Kumwaga maji ilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani.

Shangazi Mwanaisha: Na nyinyi mnaenda kulipia.

Hamisi: Shangazi sisi hapa South C tumeshafanya mazoezi. Maji ya mgao yakikosa wiki nzima tunamwita mtu wa bauza, lori la maji.

Mama Rehema: Nami ndiyo sababu likizo nataka bomba lisilozimwa! Nimechoka na mitungi. Na choo? Niambieni ukweli kuhusu choo.

Salma: Choo ni cha mboji. Hakuna kuvuta maji. Ukimaliza unamwagia kopo la majani na mboji kavu, basi. Kuna bomba la hewa linalotoa harufu juu, upepo unaichukua.

Mama Rehema: Subhanallah.

Mjomba Kassim: Rehema usishtuke, hicho ni choo cha shimo kilichosoma chuo kikuu.

Bakari: 💀

Shangazi Mwanaisha: Mimi swali langu ni la istinja, kujisafisha kwa maji. Kama choo hakitaki maji, sisi tunafanyaje?

Hamisi: Swali zuri sana hilo. Mboji ikilowa inakosa hewa, ndipo inaanza kunuka. Kwa hivyo maji mengi ndani hayafai kweli.

Salma: Shangazi hilo nitawaandikia wenyewe waseme wazi kabla Hamisi hajatuma hata senti. Wao wako Zanzibar, si watu wa kushangaa istinja. Msikiti pia upo, wa tangu enzi za walinzi wa mnara wa taa. Mnara wenyewe ni wa 1904.

Shangazi Mwanaisha: Haya, hapo vizuri.

Mama Rehema: Lakini kwa nini mateso yote haya? Si wachimbe tu shimo la maji machafu kama hoteli nyingine?

Salma: Kwa sababu jiwe la tumbawe lina matundu kila mahali. Ukimwaga maji ya choo na sabuni juu, yanapenya mpaka baharini. Yakifika, magugu ya bahari yanashiba, yanaota juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga. Kwa hivyo hata maji ya kuogea wanayapitisha kwenye vitalu vya mimea inyonye kwanza. Mwamba wa matumbawe uko hatua chache tu kutoka ufukweni, na ndio watu wanaousafiria. Unavaa miwani na mrija, unaelea juu, unaangalia. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi. Kugusa hakuruhusiwi. Kuokota kombe hakuruhusiwi.

Bakari: Kupumua je

*Ujumbe huu umefutwa*

Salma: Nimeuona Bakari.

Mjomba Kassim: Sasa mimi niseme langu bila utani. Babu yenu alikuwa mvuvi. Mtu akija akasema hapa hapavuliwi tena, hapa ni pa wageni wenye miwani, mimi roho inanichoma. Bahari ya watu inafungwa, halafu sisi wajukuu ndio tunakwenda kulala ndani yake kwa pesa.

Hamisi: Lakini mjomba, hifadhi ya bahari ya Kisite, karibu na Wasini, si vilevile? Tangu miaka ya 1970 haivuliwi. Ila Mpunguti pale kando ruhusa ya mitego ya jadi ipo. Watu wa Wasini wamezoea.

Mjomba Kassim: Kuzoea na kuridhika ni vitu viwili.

Salma: Mjomba una haki, na nimelisoma hilo kabla sijaleta hoja. Pale Chumbe serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi mwaka 1994. Walinzi waliochukuliwa walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, na hawana bunduki. Mvuvi akiingia wanamwendea kwa mashua, wanaongea naye. Samaki wakizaliana ndani wanatoka nje ya mpaka, huko anavua.

Mjomba Kassim: Wanaongea naye tu?

Salma: Wanaongea naye tu.

Mjomba Kassim: Hapo kidogo.

Salma: Na hii ndiyo iliyonivuta mimi kama mwalimu. Pesa za wageni zinapeleka wanafunzi wa Zanzibar kuuona mwamba. Kuna mtoto amezaliwa kisiwani, baba mvuvi, na hajawahi kuchungulia chini ya maji. Hasa wasichana, wengi hawakufundishwa kuogelea. Nikifikiria darasa langu, nusu hawajaona bahari hata kwa macho, naona bei ile ina maana kuliko bafe ya Diani. Mama Rehema nisamehe.

Mama Rehema: Sijakasirika. Bafe bado naipenda.

Bakari: Swali. Ni kweli kuna kaa anayepanda minazi?

Salma: Kweli. Kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anaweza kufika kilo nne. Anatembea usiku. Ana nguvu za kupasua nazi.

Bakari: Na mabanda hayana ukuta mbele

Salma: Upande wa bahari uko wazi, upepo upite. Kitanda kiko juu, darini chini ya makuti, na chandarua.

Bakari: Sasa si amezoea kupanda 😭

Hamisi: Wewe anza kupanda M-Pesa kwanza.

Shangazi Mwanaisha: Ngoja. Kitanda kiko juu? Kwa ngazi?

Salma: Ngazi za mbao, shangazi.

Shangazi Mwanaisha: Basi mimi hapo mmeniacha. Haya magoti yangu hata gorofa ya pili ya Rehema yanaipanda kwa dua. Usiku nikitaka kushuka nitaita nani, kaa?

Mjomba Kassim: 😂 Da Mwana umenimaliza.

Salma: Nilifikiria hilo. Wakiwa na nafasi wanapokea watu wa kutwa, asubuhi unaenda, jioni unarudi. Shangazi na mjomba mkae Mji Mkongwe, nyumba ya chini, mje siku moja. Sisi tunaoweza ngazi tulale mbili, halafu tuwafuate mjini tumalizie wote huko.

Mama Rehema: Mjini kuna kiyoyozi?

Salma: Kipo.

Mama Rehema: Niandikeni mjini na shangazi. Watoto wachukueni.

Bakari: Twende kwa basi? Treni mpaka Mombasa, Lunga Lunga, Tanga, Dar, boti. Tutaokoa pesa.

Mama Rehema: Na watoto watatu? Bakari nenda peke yako utukute.

Hamisi: Ndege, nimeshapiga hesabu, inatosha tukikata tiketi mwezi huu. Kila mtu aangalie pasipoti yake leo, si kesho. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia. Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Zanzibar nako ni marufuku kama kwetu.

Mjomba Kassim: Disemba upepo wa kaskazi utakuwa umeshika, bahari ya upande ule hutulia. Vuli nayo itakuwa imejaza hayo matangi. Angalieni tu kalenda ya mwezi, msiende wakati wa maji mafu, bahari isipotoka sana, mkakosa kuiona ikitoka. Bamvua, maji yakijaa na kutoka sana, ndiyo raha, mwamba unautembelea kwa miguu.

Salma: Kwa miguu hawataruhusu ukanyage matumbawe, mjomba.

Mjomba Kassim: Nitatembea mchangani. Nitamtafuta huyo mlinzi aliyekuwa mvuvi, nina maswali yangu.

Hamisi: Kwa hivyo: Salma, Bakari, mimi na mke wangu, watoto wa Rehema, usiku mbili Chumbe. Shangazi, mjomba, Mama Rehema, mjini. Salma anaandika barua leo, swali la kwanza ni la shangazi. Nani anapinga?

Shangazi Mwanaisha: Na muulize kama kifuniko cha tangi kina ufunguo.

Bakari: Hamisi nimetuma. Angalia simu.

Hamisi: Umetuma nusu.