Supamaketi za wenzetu zinauza laini za simu, za kwetu zinatuuzia vocha tu za wale wale wawili!!

Wakuu mimi nimechoka na leo nasema. Uganda nzima tuko mikononi mwa MTN na Airtel, hao wengine huku mtaani unawasikia jina tu, halafu tunaambiwa eti soko liko huru na ushindani upo. Ushindani gani wa watu wawili?

Juzi bando langu la wiki limekatwa na GB zimebaki nyingi tu (mtandao gani sisemi, nyie wenyewe mnajua haibadilishi kitu), nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza ule muziki wao mpaka nikaukariri, mwisho dada akapokea akaniambia kwa upole kabisa "muda wake uliisha ssebo". Banange! Ukinunua kilo ya sukari mwenye duka haji saa sita usiku kubisha hodi achukue iliyobaki. Na msiniambie habari za yale mabando yasiyoisha muda, nayajua, piga hesabu ya bei kwa kila MB ndo urudi tuongee.

Sasa sikilizeni hii. Uingereza kule Tesco, supamaketi ya mboga na sabuni, inauza laini yake tangu 2003. Minara haikujenga. Iliungana na O2 ambao ndo wenye mitambo, laini inaandikwa Tesco, kuongea unaongea kupitia O2, na leo wateja wake wamepita milioni 5. Supamaketi ya Aldi wakaanza Ujerumani 2005, Asda ya Uingereza nao 2007. Sainsbury's walijaribu na Vodafone 2013, wakafunga 2016, kwa hiyo sio kwamba kila anayeingia anatajirika. Lakini mteja wa kule alikuwa na pa kuhamia, na ndo ninachokililia mimi hapa. Supamaketi faida yake iko kwenye maziwa na nyama, laini kwake ni kitu cha kukufanya urudi dukani na kadi yako ya pointi, kwa hiyo ana sababu ya kukubembeleza. Hawa wetu wana sababu gani?

Kinachoniuma zaidi ni Shoprite. Walikaa hapa Kampala miaka yote ile wanatuuzia mkate na kuku wa kuchoma, 2021 wakafunga virago wakaondoka, na kule kwao Afrika Kusini wana laini yao inaitwa K'nect Mobile!! Sisi tuliambulia kaveera, yaani mfuko wa plastiki.

Majirani zetu Kenya walau walijaribu, Equity Bank wakaleta Equitel juu ya mtandao wa Airtel ya kule, na zile simkadi nyembamba kama karatasi unazibandika juu ya laini yako ya zamani. Safaricom walipiga kelele kweli kweli eti usalama wa wateja, mamlaka yao ya mawasiliano ikasema acheni watu wajaribu. Hapa kwetu ufalme wa Buganda ulianzisha K2 Telecom mwaka 2013, nao bila minara yao, tukashangilia, sasa niambieni mara ya mwisho umeona mtu anatoa laini ya K2 mfukoni ni lini.

Najua kuna mtu atasema kampuni hizi zimemwaga mabilioni kwenye minara, kwa nini wamwachie muuza unga aje apande bure. Kwanza sio bure, anakodi, ananunua dakika na data kwa jumla anauza rejareja. Pili hiyo minara yenyewe mingi ni ya American Tower, kampuni ya kukodisha minara, MTN aliuza hisa zake za mwisho kwenye kampuni ya minara 2020, ile ya Airtel iliuzwa 2014 kwa Eaton, nao wa biashara ya minara, na baadaye Eaton wakamezwa na American Tower hao hao. Kwa hiyo wapangaji wanatufungia geti! Masafa na mitambo ya ndani ni yao sawa, siwanyang'anyi, ila mwenye mitambo akiachwa apange mwenyewe bei ya jumla ya kumuuzia mtu atakayekuja kushindana naye unategemea atapanga bei gani? Hapo ndipo UCC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Uganda, inatakiwa iingie na rungu. Iliweza kuwawekea sharti la kuuza asilimia 20 ya hisa kwa wananchi, mbona bei ya jumla inaonekana mlima?

Haya, mtasema tena supamaketi zenyewe zinakimbia. Kweli, supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya hapa 2015, Nakumatt ikaanguka, Tuskys nayo hivo hivo, unaweza kuamka laini yako imekufa pamoja na friji za duka. Lakini Africell haikuwa supamaketi, ilikuwa kampuni ya simu yenye leseni yake na mitambo, na Oktoba 2021 iliondoka watu wakabaki na namba zao za 079 wanazitazama. Waliokuwepo 2008 mtandao wa Warid unaingia, ukaja kutuletea Pakalast, ofa yake ya kupiga simu, wanakumbuka tulivyoongea usiku kucha mpaka sikio linachemka, 2013 Airtel akamnunua na utamu ukaishia hapo.

Serikali nayo imekaa kimya maana kila MB tunayonunua inakula asilimia 12 yake, walipofuta ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ndo wakaleta hii, sijui nani kati yetu alishukuru.

Na wewe unayekuja hapo chini kuniandikia "hamia mtandao mwingine", pesa yangu ya biashara iko kwenye hiyo laini, wateja wangu wa Arua mpaka Busia wananijua kwa hiyo namba, na huo mwingine unaonipeleka utaje jina lake hapa, tuuone bei zake.