Papi wa wiki 8, nyumba ya kupanga: kizimba, magazeti au uani moja kwa moja?

Ploti58
Wadau, salaam. Kuna papi (mtoto wa mbwa) wa wiki 8 anaingia nyumbani Jumamosi. Mama yake ni German Shepherd, baba hajulikani. Nyumba ni ya kupanga, mtaa wa Section 58 hapa Nakuru: ndani vigae, nje ua mdogo, nusu saruji nusu nyasi. Watu wazima wanatoka saa mbili asubuhi. Dada wa kazi anafika saa nne na kuondoka saa kumi, na wa kwanza kurudi anafika saa kumi na moja na nusu.

Nimebaki na njia tatu: kizimba ndani ya nyumba, kumfungia jikoni na magazeti sakafuni, au kumjengea kibanda uani aanzie huko huko. Halafu, mwalimu wa mbwa ana faida kuliko kumfundisha nyumbani? Naomba sababu, si "mbwa ni mbwa tu".

Mfugaji_Njoro
Kabla ya kuchagua njia, piga hesabu ya kibofu. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa anazoweza kujizuia mchana. Wako ana miezi miwili, kwa hivyo ni saa 3, na hapo amefika mwisho kabisa. Panga saa 2. Kutoka saa mbili hadi saa nne asubuhi ni saa 2. Kutoka saa kumi hadi kumi na moja na nusu ni saa moja na nusu. Ratiba yako inakubali kizimba bila shida, mradi dada huyo akubali kazi ya kumtoa mapema anapofika, kabla hata hajaweka mkoba chini.

Nyumba ambayo watu wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni haina haki ya kutumia kizimba. Papi atajikojolea humo, atalala juu yake, na akishazoea kulala kwenye uchafu umepoteza kitu cha pekee kilichofanya kizimba kifanye kazi, yaani ile tabia ya mbwa ya kutochafua anapolala. Kuirudisha ni kazi ya miezi.

Nyakati za kumtoa hazibadiliki: akiamka, dakika 5 hadi 20 baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kufungiwa. Mtoe kwa kamba hadi kona ile ile ya nyasi, simama kimya dakika 5. Akimaliza, mpe kipande cha chakula papo hapo nyasini, usingoje mrudi mlangoni. Ukimpa mlangoni, umemlipa kwa kuingia ndani. Usipomwona akikojoa, mrudishe kizimbani dakika 10 hadi 15 na mjaribu tena. Kosa la watu wengi liko hapa: wanamwachia azurure sebuleni "kwa kuwa ametoka nje", na dakika tatu baadaye zulia limelowa.

Usiku weka kengele ya saa nane. Ni safari ya choo tu, bila maneno wala mchezo. Papi wengi wanaacha kuihitaji wakikaribia miezi minne.

FundiWaMesh
Kuhusu chenyewe kizimba: usinunue cha ukubwa wa papi, utanunua mara tatu. Mwambie fundi wa jua kali akuchomelee kimoja cha mbwa mkubwa, urefu wa sentimita 105 hivi, kisha uweke ubao wa plaiwudi katikati wa kusogeza. Nafasi aliyo nayo papi itoshe kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Ikizidi hapo anagawa chumba: huku kitanda, kule choo.

Mambo manne ambayo fundi hatakuambia. Matundu ya waya yasizidi sentimita 4, la sivyo kichwa kinaingia na hakitoki. Ncha zote za waya zipigwe tupa. Rangi ikauke kabisa siku kadhaa kabla mnyama hajaingia, maana atailamba. Na kola itolewe shingoni kila anapofungiwa, kwa sababu ikinasa kwenye waya hakuna mtu wa kumnasua.

Chini tandika gunia safi la katani lililokunjwa. Usiku wa Nakuru mwezi wa Julai vigae vinauma kwa baridi. Akianza kulitafuna na kumeza nyuzi, liondoe, weka kipande cha kadibodi nene.

Siku tatu za kwanza usifunge mlango. Mpe chakula chake humo ndani, mlango wazi. Kisha funga wakati anakula tu, kisha dakika 2, 5, 15. Akilia, ngoja anyamaze hata sekunde tatu ndipo ufungue. Ukifungua katikati ya kilio, kesho atalia zaidi.

Ploti58
Fundi, anaingia Jumamosi na Jumatatu ni kazini. Siku tatu za mlango wazi sitazipata.

FundiWaMesh
Basi chukua ruhusa ya siku mbili, au sogeza siku ya kumleta. Kizimba cha haraka ndicho kinachozaa papi anayejigonga kwenye waya mpaka meno yatoke damu.

Tuktuk_Kondele
Naona magazeti yamehukumiwa kabla hayajasikilizwa. Kwa nyumba ya ghorofani huku Kisumu, ambako kumfikisha papi kwenye nyasi ni ngazi tatu, magazeti ni bora kuliko kizimba. Kasoro yake ni kwamba unafundisha mara mbili: kwanza kitu laini sakafuni ni choo, baadaye kitu laini sakafuni si choo. Papi hujenga mazoea ya kile anachokanyaga akijisaidia mapema sana, kati ya wiki ya tano na ya tisa hivi. Ukimpa karatasi, atahamia kwenye mkeka, kapeti, na nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba.

Badala ya gazeti, tafuta trei pana ya plastiki, kama sentimita 60 kwa 90, ijaze udongo na pande la nyasi zenye mizizi. Badilisha nyasi kila wiki au mbili. Siku ya kuhamia uani, mguu wake tayari unajua nyasi.

Pia muulize anayekuuzia alikuwa akiwalaza juu ya nini. Wengi hutumia maranda. Kama ni hivyo, omba mfuko mdogo wa yale yaliyokwisha kunusa mkojo, umwage kiganja kimoja kwenye kona unayotaka. Utaona ajabu.

Na mvua! Huku Magharibi mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, papi aliyezoea jua hatii mguu nje. Usimsukume. Simama naye chini ya ukingo wa paa, kwenye mpaka wa pakavu na palipolowa, kwa kamba. Akikubali kukojoa hapo, mlipe mara mbili ya kawaida.

Chanjo_Kwanza
Njia ya uani bado haijajibiwa, na ndiyo yenye hatari isiyoonekana. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua papi, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Ua wa nyumba ya kupanga haujulikani historia yake: mpangaji aliyetangulia huenda alipoteza mbwa humo humo. Muulize mwenye nyumba. Saruji unaweza kuiosha kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya kung'arisha nguo (bleach), sehemu 1 kwa maji sehemu 20, ikae dakika 10, suuza. Nyasi huwezi kuziosha hivyo, kwa hivyo chagua kona ambayo jua linaipiga na mbwa wa jirani hafiki.

Chanjo za parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) huanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki ya 12, baadaye kila mwezi mpaka miezi sita, hasa kama kuna watoto wanaocheza chini.

Mwalimu wa mbwa: anayekuja nyumbani kwako na kukufundisha wewe, sawa. Anayemchukua papi akae naye wiki tatu, kataa kabla chanjo hazijakamilika. Pale wanakutana mbwa wa kila mahali. Tena papi hurudi akimtii mwalimu, wewe akikutazama kama mgeni. Swali moja la kumpima: "Mbwa akikosea unafanya nini?" Jibu likianza na mnyororo wa kukaba, mshukuru na uende zako.

Mkali_Kakamega
Nyote mnalea mbwa wa sebuleni. Mtu anataka mlinzi. Papi akae kibandani mchana, afunguliwe usiku, asizoee watu. Ndivyo anavyokuwa mkali.

Chanjo_Kwanza
Ndivyo anavyokuwa mwoga, ndugu yangu. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka wiki ya 3 na kuanza kufunga wiki ya 12 hadi 14. Asichokiona humo atakiogopa ukubwani, na mbwa anayeogopa humng'ata aliye karibu: mtoto wa jirani, msoma mita, au wewe ukiingia usiku umevaa koti la mvua. Hawezi kutofautisha mwizi na mgeni kwa sababu kwake wote ni wa kutisha. Zile imani za pilipili kwenye chakula na kumfungia gizani zinamtesa tu.

Chanjo isipokamilika, mbebe. Mtie kwenye kikapu, simama naye dakika 10 karibu na stendi ya matatu. Aone kofia ya bodaboda, mwavuli, gamubuti, mama aliyebeba mzigo kichwani, watoto wa shule wakikimbia. Kila kitu kipya, kipande kimoja cha chakula. Akikataa kula, amezidiwa: rudi nyuma mita kumi.

Mkali_Kakamega
Kikapu? Haya. Lakini kubweka atajifunza lini?

Mfugaji_Njoro
Hafundishwi. German Shepherd huanza kubwekea geti mwenyewe akipevuka. Kazi yako ni kumfundisha kunyamaza.

Omena_Kavu
Zawadi. Biskuti za dukani ni kubwa na kavu, papi anatafuna nusu dakika na somo limepotea. Linganisha na hizi:

Maini ya ng'ombe, yachemshwe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), yakatwe ukubwa wa punje ya mahindi, yakaushwe jikoni moto mdogo. Ndiyo bora kwa mambo magumu kama kuitwa. Yasizidi vipande ishirini kwa siku, tumbo litaharisha.

Omena: ni rahisi na harufu inavuta, ila ina mchanga. Ipepete, ioshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, ikaange kavu bila mafuta. Moja inagawika mara mbili.

Punje za chakula chake mwenyewe zinatosha kwa mazoezi mepesi ndani ya nyumba. Jumla ya zawadi isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na wiki 8 anakula mara nne. Ugali mtupu si chakula cha papi, hilo tusibishane.

Kinywa_Kimoja
Hapa watu hujikwaa na Kiswahili chetu kizuri: amri nyingi zinaishia na "a". Kaa, lala, acha, simama. Kwa sikio la papi zinafanana. Tumia "keti", "njoo", "chini", na ishara ya mkono kwa kila moja. Jina nalo liwe mbali na amri: ukimwita Kito, "keti" litamchanganya. Kama shangazi anamwambia "bed piny", baba "sit" na dada "kaa", papi anasikia kelele tatu. Chagueni moja, iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni mwa jikoni. Kidholuo pia kinafaa, "bi" ni fupi na kali kuliko "njoo".

Kumfundisha keti: kipande cha ini mbele ya pua, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu, sema "ndiyo!" na umpe, ndani ya sekunde moja. Akiruka, mkono uko juu mno. Akirudi kinyumenyume, mweke mgongo kwenye ukuta. Neno "keti" usiliseme bado, mpaka afanye mara 8 kati ya 10. Baada ya mara tano sita, fanya ishara ile ile bila chakula mkononi, umpe kutoka mkono mwingine, usije ukawa na mbwa anayeketi akiona ini tu.

Kila kipindi dakika 3 hadi 5, mara nne kwa siku, kabla ya kula. Na "njoo" lisitumike kamwe kumwita aoshwe au agombezwe. Mfuate umchukue.

Ploti58
Nimeshawishika na kizimba, na nimeomba siku mbili za ruhusa. Akikojoa ndani, je? Nyumbani kwa wazee papi hupakwa pua kwenye mkojo.

Mfugaji_Njoro
Hapo anajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Matokeo: nje kwenye kamba anakataa kabisa, ndani anaenda nyuma ya kochi. Ukimkuta katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja, mbebe nje, amalizie nyasini, mlipe. Ukikuta dimbwi limepoa, futa unyamaze.

Futa kwa siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 10. Ile dawa ya kung'arisha nguo usiimwage juu ya mkojo: vikichanganyika vinatoa hewa inayochoma mapafu. Na sabuni zenye harufu ya amonia zinamwita arudi pale pale.

Tuktuk_Kondele
Na kung'ata, maana hilo ndilo litakaloanza Jumapili: akibana mkono, simama, ficha mikono sekunde 15, kisha mpe kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa. Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miezi minne, kwa hivyo weka stoo ya vitambaa. Usimpe slipa kuukuu, hana namna ya kuitofautisha na mpya. Akizidi kuwa mkali saa moja jioni, hajakaidi, amechoka. Umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, mrudishe kizimbani. Jino likitoboa ngozi ya mtu, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali, hata kama ni papi wa nyumbani.

FundiWaMesh
Ploti58, kabla hujalipia kizimba pima mlango wa jikoni. Kizimba cha sentimita 105 kwa 75 huenda kisipite milango ya ploti za hapa. Mwambie fundi atumie bawaba na pini, kifunguke vipande vipande.