Tupeane uzoefu: kwa nini pesa ikiongezeka bado haitoshi?

Kaskazi
Wakuu, salaam. Mwenzangu kazini kaongezewa mshahara, na kabla ya jioni nimemsikia akilalamika kwamba ni kidogo. Ni mtu yuleyule aliyekuwa akiapa kwamba akipata hata nusu ya hiyo atatulia. Sisemi ana tamaa, maana hali hiyo naijua. Kila nilipofika pale nilipokuwa napatamani, nilikuta pameshakuwa pa kawaida. Naomba uzoefu, mahubiri tumeshayasikia ya kutosha. Uliwahi kufika mahali ukasema "sasa inatosha"? Na kama hujafika, ni nini kinachokusukuma?

Mpigambizi
Sijafika. Na niliowaona wakidhani wamefika, hawakukaa.

Taa ya Usiku
Kwangu ni ndugu. Mshahara ukipanda, kufumba na kufumbua kila mtu anajua. Mdogo wangu anadaiwa ada, mama ana dawa za kila mwezi, binamu kafiwa. Hakuna hata mmoja anayeomba anasa. Mtu akiniona nahangaika atasema nataka utajiri, kumbe nahudumia nyumba tatu kwa mfuko mmoja.

Jabali
Tuite jambo kwa jina lake. Ni tamaa. Binadamu hashibi, basi. Wengine wanatafuta majina mazuri ya kuifunika.

Hesabu Kichwani
Jabali, jambo lenyewe limechunguzwa kwa muda mrefu na jibu si rahisi hivyo. Mwaka 1974 mwanauchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba ndani ya nchi moja wenye kipato kikubwa huwa na furaha kuliko wenye kidogo, lakini Marekani ilipotajirika kwa miongo, wastani wa furaha ya watu haukupanda sambamba. Maelezo yake: tunajipima kwa waliotuzunguka. Wote mkipanda pamoja, hakuna anayejiona kapanda.

Mwaka 1998 Sara Solnick na David Hemenway waliwauliza watu swali ambalo nalipenda sana. Wewe upate dola 50,000 kwa mwaka na wenzako 25,000, au upate 100,000 na wenzako 200,000, huku bei za vitu zikiwa zilezile? Takriban nusu walichagua 50,000. Yaani walikuwa tayari kupoteza nusu ya kipato ilimradi wawe juu ya wenzao.

Na kuna hesabu inayosahaulika. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 hivi zinakuwa maradufu. Anayepokea mshahara uleule muda wote huo amepunguziwa nusu bila barua. Huyo akitaka zaidi, anataka tu kubaki alipo.

Mwanagenzi
Hilo la mwisho limenigusa. "Amepunguziwa bila barua." Ndiyo hali yangu kabisa.

Shamsi
Lakini si kuna utafiti uliosema ukivuka kiwango fulani pesa haiongezi furaha tena? Basi kuna mahali pa kusimama.

Hesabu Kichwani
Ni wa Daniel Kahneman na Angus Deaton, 2010, Marekani. Hisia za kila siku zilipanda na kipato hadi karibu dola 75,000 kwa mwaka, kisha zikatulia. Ila mwaka 2021 Matthew Killingsworth akapata matokeo tofauti, furaha iliendelea kupanda. Mwaka 2023 yeye na Kahneman wakakaa pamoja, na Barbara Mellers akiwa mpatanishi, wakaona kwamba kwa watu wengi inaendelea kupanda. Wanaokwama, kwenye dola 100,000 hivi, ni kundi dogo la wale wasio na furaha kuliko wote.

Jambo kubwa liko hapa: kinachohesabika ni uwiano. Kama kipato kilipoongezeka maradufu ulipanda ngazi moja ya furaha, ngazi inayofuata inadai kizidishwe maradufu tena. Nyongeza iliyokufurahisha ulipoanza kazi leo huioni. Ndiyo maana mwenzake Kaskazi analalamika.

Jabali
Hayo ni ya Marekani na dola zao. Mimi naongelea watu ninaowaona kwa macho yangu. Wana nyumba, wana magari, bado hawalali. Hiyo ni tamaa.

Mama Pacha
Nimesoma kimya tangu mwanzo, ila neno hilo limenifika pabaya. Mume wangu ameitwa hivyo na watu wengi.

Tulipooana alisema tukishakuwa na kodi ya mwaka mzima mkononi atapumzika. Tukaipata. Akasema kiwanja. Tukapata. Akasema nyumba. Nyumba ilipokwisha na tukahamia, akachukua kazi ya pili, ya usiku. Watoto walimwona Jumapili tu, na hiyo Jumapili anasinzia kitini. Nikimuuliza tunakimbilia wapi anajibu, "Bado kidogo."

Akaanguka kazini. Kiharusi. Upande mmoja ukalegea, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Nimekaa kando ya kitanda nasubiri aite jina la mmoja wa watoto, na neno la kwanza lililosikika vizuri lilikuwa "kodi". Nikamwambia baba, hatupangi, tuna nyumba yetu. Akalia, akawa anarudia: kodi, kodi. Nikadhani ni ugonjwa.

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyenieleza pale korido. Mume wangu akiwa darasa la kwanza walitolewa kwenye nyumba ya kupanga. Vyombo vikawekwa barabarani, majirani wakawa wanatazama, baba yao amesimama hana la kusema. Yeye ndiye aliyeachwa alinde godoro usiku ule lisiibwe. Mtoto wa darasa la kwanza! Hajawahi kunisimulia. Ana hati ya nyumba kabatini, na bado miaka yote hiyo alikuwa anamkimbia mwenye nyumba.

Kaka Jabali, hiyo nayo ni tamaa?

Mwanagenzi
Pole sana mama. Anaendeleaje? Anatembea?

Mpigambizi
Nimesimamisha kazi kusoma hii.

Jabali
Pole dada, kwa dhati. Ila nyie kina mama nanyi mnachangia. Mwanaume anaona macho ya nyumbani yanataka zaidi, anajiua kazini.

Taa ya Usiku
Jabali, umesoma wapi kwamba alidai chochote? Mtu kasimulia kiharusi cha mumewe, wewe unamtafutia kosa.

Jabali
Sijamtaja yeye. Nasema kwa ujumla.

Mama Pacha
Sikumtuma. Nafanya kazi, na mshahara wangu umo kwenye kuta za nyumba hiyo. Mwanagenzi, asante, anatembea kwa mkongojo na maneno mengi yamerudi. Kazi ya usiku daktari kaikataza.

Hesabu Kichwani
Pole mama. Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha. Aliyewahi kupoteza paa hawezi kuhesabu kama sisi wengine.

Shamsi
Ushauri wangu: andika kiwango chako kwenye karatasi kabla hujaongezewa. Kikifika, nyongeza yote iende akiba, maisha yabaki vilevile.

Mpigambizi
Karatasi utaichana. Dawa ni kubadilisha unaokaa nao. Mimi nilipoacha kampani ya watu wanaoshindana kwa magari, sikulitaka gari tena.

Taa ya Usiku
Na sisi wenye ndugu tubadilishe ndugu? Kwangu suluhisho ni kipato zaidi, sioni lingine.

Kaskazi
Mama Pacha, na nyumbani sasa mmekubaliana nini?

Mama Pacha
Kazi moja. Na akiba ya matumizi ya miezi sita, kwenye akaunti ambayo sote wawili tunaiona, haiguswi. Imeshatimia. Yeye anasema iwe ya mwaka. Bado tunabishana.