Familia Nkuhungu na Kisasa, Dodoma: mwezi unamegwa

Jumapili, 7 Septemba 2025

[19:41] Shangazi Mama Neema: Jamani tokeni nje mwezi unamegwa!! huku Nkuhungu umeliwa kipande

[19:43] Baba Mdogo: Si vumbi hilo? upepo wa leo hapa Kisasa mpaka nguo nimeanua mara mbili

[19:44] Neema: Baba mdogo vumbi gani linakata mwezi hivyo 😂😂

[19:47] Frank UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): Shikamooni. Unapatwa, umeingia kwenye kivuli cha dunia. Tangu unachomoza ulikuwa kwenye kile kivuli chepesi cha pembeni ila kwa macho huoni kitu, sasa ndo umegusa kile kizito cha katikati, umbra. Saa mbili na nusu utakuwa ndani wote mpaka saa tatu na dakika 52

[20:38] Shangazi Mama Neema: Mbona mwekundu sasa? si ulisema kivuli kizito

[20:42] Frank UDOM: Hewa ya dunia shangazi, inapindisha mwanga wa jua kidogo uingie kivulini, wa bluu unatawanyika njiani unabaki mwekundu. Dunia ingekuwa haina hewa mwezi ungepotea kabisa hapo

[20:45] Baba Mdogo: Haya nijibu na hili, 2016 nilipanda basi mpaka Rujewa kule Mbarali kuona jua linapatwa, watu kibao, giza halikuja!! tukaona pete tu ya moto tukarudi

[20:51] Frank UDOM: Hahaa baba mdogo ile ya tarehe 1 Septemba, siku hiyo mwezi ulikuwa mbali. Jua likipatwa ni kivuli cha mwezi ndo kinakuja kwetu, na umbra yake ina urefu wa kama km 380,000 hivi, ikawa fupi, ncha yake ikaishia juu huko haikufika chini, ndo maana jua likabaki pembeni pembeni. Ila ya dunia ni balaa, km milioni 1.4, na pale mwezi unapopita ina upana kama km 9,000 wakati mwezi wenyewe ni 3,474, unaingia wote na nafasi inabaki

[20:53] Baba Mdogo: Kwa hiyo nauli yangu iliishia kwenye ncha

[20:53] Neema: 😂😂😂

[20:55] Shangazi Mama Neema: Frank umekula?

[20:56] Frank UDOM: Bado, nasubiri utoke wote kwenye kile kivuli kizito, saa nne na dakika 56

[20:57] Shangazi Mama Neema: Saa tano ya usiku?? nenda kale mwanangu, na kesho utume ule mchango wa harusi, usijifanye umepatwa na wewe